Kengele ya Kona ya Mwisho

Sisi tunaoendesha baiskeli Kisumu kwa kujifurahisha tuna ugonjwa ambao jamaa zetu hawauelewi. Tunatafuta milima. Mtu wa kawaida akiona mlima mbele yake hutafuta njia ya kuuzunguka, au hukodi pikipiki na kumaliza maneno. Sisi huamka Jumamosi alfajiri, tukavaa suruali za kubana ambazo mama yangu hataki hata kuziangalia, tukaenda kuutafuta huo mlima kwa makusudi. Tukiukosa tunarudi nyumbani tumenuna.

Riat tumeshaipanda hadi mama muuza chai wa pale juu anajua nani anaweka sukari na nani amekatazwa na daktari. Mimi ni wa kukatazwa, na ndiyo sababu nilinunua baiskeli. Upande wa Kombewa kuna miinuko ya kupendeza lakini ni mifupi, unaanza tu kutoka jasho na umeshafika. Ukielekea Muhoroni unakutana na miwa kulia, miwa kushoto, na trekta mbele yako linalokumwagia vumbi mpaka meno yanasagika. Basi Jumamosi moja mwezi uliopita tulikuwa tumekaa kando ya barabara tunamenya ndizi, na nahodha wetu, mtu wa benki mwenye miguu myembamba na maneno mengi, akalalamika kwamba hakuna mlima wa maana karibu na nyumbani. Nami nikajikuta nimefungua mdomo kabla sijafikiri.

"Upo," nikasema. "Kwetu. Ukitoka upande wa Katito, ukipanda hadi juu."

Wakafurahi, wakapanga Jumamosi inayofuata. Mimi nilijuta kabla ganda la ndizi halijagusa chini. Kuwapeleka kwenye mlima ule kulimaanisha kuwapeleka kwa baba yangu, ambaye nyumba yake iko pale pale unapoanza. Baba angewasimulia habari yake ya mlima, kama anavyomsimulia kila mtu, na mimi ningekaa pale nikitingisha kichwa huku nikijua kwamba si kweli. Nimeijua siri hiyo tangu nikiwa na miaka minane. Sikuwahi kumwambia mtu.

Acha nikueleze, maana wewe hukuwapo.

Sisi tulikaa chini, kwenye joto, mahali ambapo mchana hata kuku walitafuta kivuli cha ukuta. Nyanya, mama mzazi wa mama yangu, alikaa juu, kwenye uwanda, ambako asubuhi kulikuwa na ukungu na migomba ilikuwa na majani mabichi mwaka mzima. Kati yetu na yeye kulikuwa na barabara moja ya mawe iliyopanda ukingo kwa kujikunja kunja. Kwa mtoto wa chini, kwenda kwa Nyanya kulikuwa kama kwenda nchi nyingine. Maji ya mtungini kwake yaliuma meno kwa ubaridi, na usiku mtu alipewa blanketi.

Nyanya alifinyanga vyungu. Vyungu vya maji, vya kupikia mboga, na vile vidogo vya kuhifadhia maziwa. Macho yake yalikuwa yameanza kuota ukungu tangu kabla sijazaliwa, lakini hakuyahitaji sana, kwa sababu udongo aliujua kwa vidole. Nilikuwa nikikaa karibu naye nikitazama chungu kikiinuka mikononi mwake huku yeye anatazama kwingine kabisa, anapiga gumzo na jirani. Mikono yake ilinukia udongo mbichi hata baada ya kunawa. Mpaka leo mvua ya kwanza ikigusa ardhi namkumbuka yeye kabla ya kukumbuka kuanua nguo.

Kila siku ya soko aliteremka Katito kuuza. Asubuhi hakukuwa na shida, maana alishuka na wanawake wenzake, wamebeba vyungu vyake vichwani pamoja na vyao, na mwanga wa asubuhi ulimfaa. Shida ilikuwa jioni. Jua lilipoelekea upande wa mlima lilimpiga usoni, na kila kitu kikawa maziwa matupu. Wenzake walirudi kwa njia ya mkato, ya mawe na mizizi, na wote walikuwa na mizigo. Wanawe wa kiume hakuwa nao. Alizaa mabinti tu. Mama yangu hakuweza kuacha meza yake ya omena, dagaa wa ziwani, saa ambayo wateja ndio wanajaa. Aliyebaki ni baba yangu.

Baba alikuwa mwendesha baiskeli wa abiria pale stendi ya Katito, zamani hizo kabla ya pikipiki. Baiskeli yake ilikuwa nyeusi, ya chuma kizito, isiyo na gia hata moja. Nyuma alikuwa ameweka keria ndefu yenye mto wa sponji nyekundu, na kwenye usukani kengele ya kung'aa ambayo aliisugua kwa majivu kila Jumapili kabla ya kanisa. Sheria ya stendi ilijulikana na kila mtu. Abiria akifika chini ya mlima anashuka, anatembea kwa miguu yake, na mwendeshaji anasukuma baiskeli hadi juu. Hakuna aliyeona vibaya. Hata mwalimu wetu mkuu alishuka, akakunja suruali, akatembea.

Lakini Nyanya hakuwa abiria. Alikuwa mkwe, maro kwa lugha ya kwetu.

Kwetu mama wa mke wako ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Humpi mkono, huli naye, humkodolei macho, na humwambii neno moja kwa moja kama kuna mtoto wa kulipitisha. Baba akifika kwa Nyanya alikomea uani, akakaa kwenye kigoda nje, na mimi ndiye niliyepeleka maneno. Nyanya alisimama mlangoni akasema, "Mwambie baba yako maziwa yako tayari." Baba alikuwa hatua tano tu kutoka pale na masikio yake hayakuwa na kasoro, lakini alisubiri nitembee zile hatua tano nimwambie, ndipo akasema, "Mwambie Nyanya asante." Nikarudi. Nilijiona mtu wa maana sana, karibu chifu.

Sasa mtu wa namna hiyo utambebaje nyuma yako kwenye baiskeli, mgongo wako na kifua chake vikigusana njia nzima? Mama alipotoa wazo hilo, baba alikaa siku mbili bila kujibu. Aliyetatua jambo ni mama muuza nyanya aliyekuwa na meza karibu na yetu. Alisema, "Si mna mtoto? Mwekeni katikati."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza duniani. Nilikuwa ukuta. Baba mbele akikanyaga, mimi katikati nimepanua miguu na kumshika baba kiunoni, na Nyanya nyuma yangu, amekaa upande, mkono mmoja umenizunguka tumboni na mwingine umeshika chungu kimoja ambacho hakikununuliwa. Watu wa soko walicheka, kisha wakazoea.

Siku ya kwanza tulipofika chini ya mlima, wenzake baba waliokuwa wakisukuma baiskeli zao walisimama kutazama atafanya nini. Kumwambia mkwe "shuka" hakukuwezekana. Hilo neno halikuwapo kinywani mwake. Akainuka kwenye kiti, akakanyaga kwa kusimama, na tukaanza kupanda. Tukavuka kalvati. Tukafika kwenye jiwe kubwa ambalo watu walinolea mapanga, katikati ya mlima, na hapo baiskeli ilikuwa inakwenda polepole kuliko mtu anayetembea. Shati la baba lilikuwa limelowa likashika shavu langu. Alikuwa anapumua kwa sauti ya kutisha, kama mtu anayelia bila machozi.

Ndipo nikausikia mkono wa Nyanya ukiniachia tumbo. Mdomo wake ukaja sikioni mwangu.

"Unasikia anavyopumua?" akanong'ona. "Kaa hivyo hivyo. Usigeuke."

Akateleza akashuka. Hakuhitaji hata kuruka, maana miguu yake ilikuwa shibri moja tu kutoka chini. Chungu akajitwika kichwani, akaweka kiganja kwenye keria nyuma ya makalio yangu, akaanza kusukuma. Miguu yake ilikuwa mizima kabisa. Ilikuwa miguu ya mwanamke aliyepanda na kushuka mlima ule tangu utotoni. Kilichompungukia ni macho tu, na baiskeli ikawa inamwongoza yeye njia huku yeye akiisukuma. Baba hakugeuka. Asingegeuka kumtazama mkwe wake hata nyumba ikiwaka moto.

Karibu na juu, kwenye kona ya mwisho penye mikonge, mahali unapoanza kuliona ziwa lote na uwanda wa Kano uliolala chini, baba alisimama. Aliweka mguu mmoja chini, akatazama mbele, akavuta pumzi ndefu mara kadhaa. Nyanya akapanda taratibu, akakaa upande, mkono wake ukarudi tumboni mwangu. Tukamalizia kile kipande cha mwisho, na tukaingia kwenye boma lake sote watatu tukiwa juu ya baiskeli. Majirani wa Nyanya wakatoka kutazama. Mkwe amemleta mpaka mlangoni, bila kumshusha! Walipiga vigelegele. Nyanya alikunja kanga yake kwa heshima zote akasema, "Mwambie baba yako amenifikisha vizuri."

Kesho yake stendi nzima ilikuwa imeshapata habari. Wakambandika jina la Trekta. Kuanzia wiki ya pili baba akaongeza jambo moja: kila tulipofika kwenye kona ya mwisho, kabla ya kusimama, alipiga kengele. Mara tatu, kriing, kriing, kriing. Mimi niliona ni kengele ya ushindi, na nilimpenda zaidi kwa sababu yake, lakini pia nilimhurumia, maana alikuwa anashangilia ushindi ambao haukuwa wake peke yake.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka minne. Tukifika kwa Nyanya, kulikuwa na nyoyo, ile ya mahindi na maharagwe iliyochemka tangu asubuhi kwenye chungu cheusi, na maziwa lala yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Nilimpelekea baba sahani yake kigodani. Halafu Nyanya aliniita ndani, akanipa ndizi mbivu za ziada, akasema kwa sauti ya chini kwamba hizo ni mshahara wa mdomo uliofungwa. Nilizila zote. Nilikuwa mtoto mwaminifu, na nilipenda ndizi.

Kitu kimoja tu kilinisumbua, na nilikiona kidogo kidogo. Mwaka wa kwanza Nyanya alishukia kwenye jiwe la kunolea. Mwaka wa pili alishukia kabla ya jiwe. Kisha akawa anashukia kwenye kalvati. Mimi nilikuwa naongezeka uzito, baba alikuwa anaongezeka umri, na Nyanya alikuwa akisikiliza pumzi. Mwaka wa mwisho, kabla sijaenda shule ya bweni, alishukia chini kabisa, penye kibanda cha kuuzia mafuta ya taa, pale barabara inapoanza tu kuinua kichwa. Mlima wote aliupanda kwa miguu yake, kiganja kwenye keria. Na wiki ile ile nilimsikia baba stendini akisema, kifua mbele, "Mimi ile mlima napanda na watu wawili, na hakuna mtu anashuka."

Kisha pikipiki zikaja. Baba alikataa kununua moja, akasema zinanuka. Abiria wake wakapungua hadi wakaisha. Nyanya alifariki nikiwa kidato cha pili. Baba alibaki na shamba dogo, magoti mabovu, ile baiskeli iliyoegemezwa ukutani, na jina la Trekta. Wazee wenzake bado wanamwita hivyo. Mtu akija mgeni, kabla chai haijamiminwa, baba ameshafika kwenye mlima. Na ndiyo sababu nilikuwa nimejuta. Hicho ndicho alichobaki nacho, na mimi nilikuwa nampelekea watu wenye simu za kupimia milima.

Jumamosi ikafika. Tulikuwa watu sita. Tulipofika nyumbani baba alikuwa ameshavaa shati lake la kanisani na kupanga viti vya plastiki uani. Mama akatoa chai na viazi vitamu, akazitazama suruali zetu, akatazama pembeni. Baba hakuchelewa. Akaonyesha kwa fimbo yake barabara inayopanda, ambayo sasa ina lami, akaanza.

"Hii mlima mnaona, mimi nilikuwa napanda na watu wawili. Maro yangu nyuma, na huyu hapa katikati. Kila siku ya soko. Na hakuna mtu alishuka."

Nahodha wetu akapiga mluzi. Lakini kuna msichana kwenye kundi letu, mhandisi wa barabara, mpole, ambaye simu yake inajua kila kitu. Akaitazama ile simu, akaitazama baiskeli nyeusi iliyoegemea ukuta, akaguna.

"Mzee, pole," akasema. "Si kwa ubaya. Lakini hapa simu inaonyesha nyekundu tupu, yaani mwinuko mkali mno. Na hiyo baiskeli haina gia, na wakati huo haikuwa lami. Watu wawili? Aki hiyo haiwezekani."

Baba akaweka kikombe chini. Akanitazama mimi.

"Uliza huyu," akasema. "Yeye alikuwa hapo."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na kiazi kinywani, nikakimeza kizima. Nilijua kabisa kwamba yule msichana alikuwa anasema kweli, na kwamba hata mimi nisingeamini.

"Ni kweli," nikasema. "Nilikuwa hapo. Hakuna aliyeshuka."

Nahodha akapiga makofi, wengine wakafuata, na msichana wa simu akacheka, akaomba msamaha vizuri sana. Lakini baba hakucheka. Alikuwa anatazama chini, anachora mchanga kwa ncha ya fimbo, na sikuelewa kwa nini.

Tukapanda. Rafiki yangu, nimepanda milima mingi na baiskeli yangu nyepesi, yenye gia nyingi kuliko ninavyojua kuzitumia, lakini mlima ule ulinitoa roho. Kwenye kalvati nilikuwa sina maneno. Jiwe la kunolea lilishavunjwa na watu wa barabara, lakini mwili wangu ulijua mahali lilipokuwa. Hapo nilitaka kushuka, na nilikuwa nimebeba chupa ya maji tu. Nikawaza juu ya baba, na chuma chote kile, na mimi kiunoni mwake. Nilijawa na huruma nikashindwa kujua ni kwa nani hasa. Kwenye kona ya mwisho wenzangu walinipita wakipiga kelele za furaha.

Tuliporudi chini, wengine walikwenda kisimani kujimwagia maji. Baba aliniita nyuma ya nyumba, akaketi kwenye ukingo wa ukuta kando ya ile baiskeli yake.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "leo umedanganya wageni mbele yangu."

Nikainama nikajifanya nafunga viatu.

"Unafikiri sijui? Mimi ni mtu wa baiskeli. Siku ya kwanza, pale juu kwa kona, nilisimama kuvuta pumzi. Halafu nikasikia mtu anakaa. Baiskeli inalala nyuma, usukani unakuwa mwepesi. Nikajiuliza, huyu anakaa ni nani, na mimi niko na watu wote kwa keria?"

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Maro ni mtu wa kuambiwa shuka? Na yeye angeniambia nini, simama umechoka? Hakuna mtu kati yetu alikuwa na hayo maneno." Akaipapasa kengele, ambayo sasa ina kutu. "Ndiyo nikaanza kupiga hii."

"Si ilikuwa ya kushangilia?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nishangilie nini? Pale juu kulikuwa na nani, ng'ombe? Nilikuwa namwambia tumekaribia kwake, majirani wataona, apande."

Nilikaa chini kwenye mchanga na suruali yangu ya kubana. Miaka yote ile nilijiona mimi na Nyanya tunamficha baba, kumbe baba naye alikuwa anamficha Nyanya, na mimi katikati nikiwa ndiye pekee niliyefichwa kila kitu. Ukuta, nakwambia.

"Sasa wewe niambie," baba akasema. "Kupanda nilimsikia. Kushuka sikuwahi kusikia, masikio yalikuwa yamejaa pumzi yangu mwenyewe. Na kugeuka singeweza. Alikuwa anashukia wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alichora mchanga. Hakutaka nimthibitishie mbele ya watu kwamba hakuna aliyeshuka. Alitaka kujua amembeba mpaka wapi. Kwa miaka yote hii alikuwa na swali moja tu, na mtu pekee duniani mwenye jibu ni mimi. Ningeweza kusema kwenye kona, hatua chache kabla ya mikonge, na angekufa siku yake akiwa mtu mwenye furaha. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini alikuwa amenitazama machoni, na nilikuwa nimeshadanganya mara moja siku ile.

"Mwanzoni kwenye jiwe la kunolea," nikasema. "Halafu kwenye kalvati."

Akatikisa kichwa polepole. "Na mwisho?"

"Kwenye kibanda cha mafuta ya taa, Baba."

"Lakini hapo ni chini. Hapo mlima haujaanza."

"Ndiyo."

Nilisikia wenzangu wakicheka kisimani.

"Kwa hivyo ule mwaka nilikuwa nimembeba nani?"

"Mimi peke yangu."

"Na yeye alikuwa anatembea."

"Alikuwa anasukuma. Mkono wake ulikuwa kwenye keria, njia nzima. Kila siku."

Baba aliinua mkono, akauweka pale kwenye keria, mahali ambapo sponji ilishaliwa na panya. "Alikuwa ananisukuma," akasema. "Mtu haoni, na alikuwa ananisukuma." Macho yake yalilowa, na hakujisumbua kuyaficha. "Unajua sikuwahi kumwambia asante? Ya maziwa, ndiyo. Ya hiyo, hapana. Ningekutuma wewe. Lakini ningekutuma vipi, na wewe mwenyewe ulikuwa unanificha?"

Hilo lilinichoma, na bado linanichoma. Nilikuwa mpeleka maneno wao wawili, na neno moja lililokuwa la maana kuliko yote halikupata pa kupita kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umejaa ndizi.

Tulipokuwa tunaondoka, msichana wa simu akasema mlima huu hauko kwenye orodha ya simuni ya wapanda baiskeli, anataka kuuingiza, na akauliza auite nini. Nahodha akasema Mlima wa Trekta, wote wakakubali. Baba akainua fimbo.

"Hapana," akasema. "Andika Mlima wa Maro. Na uandike asante."

Msichana alinitazama kuona kama ni mzaha, kisha akaandika.

Siku hizi pikipiki zinapanda pale zikiwa na watu watatu na gunia la mahindi, na hakuna anayeshuka. Ni jambo zuri. Sitaki kukudanganya kwamba zamani kulikuwa kuzuri zaidi kwa magoti ya mtu. Vyungu sokoni vimekuwa vichache, watu wanachota maji kwa ndoo za plastiki. Wakwe nao wanaketi kiti cha mbele kwenye gari la mkwe wao na kubishana naye kuhusu habari za redioni, na mimi mwenyewe mume wangu na mama yangu wanataniana mpaka naona aibu. Sina haja ya kuirudisha ile heshima ya kutotazamana. Ninachokikosa ni kidogo kuliko hicho. Nakikosa kile kitu cha mtu kukaa nyuma yako kimya akisikiliza unavyopumua.

Msichana wa simu alipoweka alama alitaka kujua mlima uanzie wapi na uishie wapi. Nikamwambia aanzie kwenye kibanda cha mafuta ya taa, ingawa kibanda chenyewe hakipo, na aishie kwenye kona ya mwisho. Akaniambia baada ya kona bado kuna kipande cha kupanda, ni kidogo lakini kipo. Nikamwambia najua.

Tumerudi huko mara tatu tangu siku ile. Wenzangu wakifika kwenye kona wanabana meno na kupita, kila mmoja akikimbiza muda wake. Mimi nimefunga kengele kwenye baiskeli yangu, ya bei rahisi, na wananicheka kwamba baiskeli ya mbio haivai kengele. Nikifika kwenye mikonge naipiga mara tatu. Kisha nasimama, naweka mguu mmoja chini, nalitazama ziwa, wala sigeuki nyuma. Nangoja kidogo, apande.